Wageni wa Guat Neo

Asubuhi ya siku ya kuwalisha wazee wa ukoo waliokwisha kufa, Guat Neo alikuwa jikoni, mwisho kabisa wa nyumba ya ukoo wao mjini Melaka, akipasua kokwa nyeusi alizoziloweka siku tano ili sumu itoke. Kokwa isiyolowekwa vizuri humwaibisha mpishi. Yeye hakuwahi kuaibika.

Adhuhuri wazee wakateremka kutoka kwenye picha zao ukutani kama kila mwaka, arobaini na mmoja, wanawake wakinyoosha sarongi zao. Wakaketi kwenye meza ndefu, chini ya uwazi wa paa. Manyunyu yalikuwa yakiingia, wakasogeza viti.

Mdogo wake, Boon Chiang, alifika amechelewa. Nyumba ilikuwa yake. Baba yao aliiandika kwa jina la mwana wa kiume, binti akaachiwa jiko. Sasa Boon Chiang alikuwa ameiuza iwe hoteli.

"Dada, hadi Ijumaa uwe umehama," alisema. "Wazee watabaki. Wageni wa hoteli watapenda kuwaona."

"Umewauliza?"

"Dada, usinianze."

"Nani kakuanza? Sarafu hizo hapo. Rusha."

Wazee wangeweza kujibu kwa mdomo, lakini desturi ni desturi. Mwana wa kiume huuliza, kisha hurusha sarafu mbili sakafuni. Zikionyesha nyuso tofauti ni ndiyo, zikifanana ni hapana. Boon Chiang akauliza kama watabaki humo nyumbani. Akarusha mara tisa. Mara zote tisa zilifanana.

"Sakafu imeinama," alisema.

"Sakafu nimeikuta mimi," alijibu mama wa babu yao, mdomo umejaa kuku wa ukwaju. "Wewe wa juzi tu. Hebu sogeza huo mchuzi."

Ijumaa Guat Neo alivaa blauzi yake ya kebaya ya kijani na viatu vya shanga alivyovitarizi mwenyewe, akabeba kinu chake cha mawe, akatoka kwa mlango wa mbele. Wazee wakainuka kwenye picha zao, wakamfuata barazani kwa mstari.

"Bi Guat, umehama na ukoo mzima?" aliuliza fundi saa wa jirani.

"Nimebeba kinu tu. Hao wanafuata tumbo."

Katika fleti yake mpya, lifti iliwapandisha wanane wanane hadi ghorofa ya saba. Vyumba vilikuwa viwili. Wakajibana, na mama wa babu akadai dirisha.

Hoteli ilifunguliwa mwezi wa nane. Picha zilibaki ukutani, ndani yake viti vitupu. Mlangoni kikabandikwa kibao cha shaba kilichosema kuwa nyumba hii ilitunzwa kwa vizazi vitano na wana wa ukoo. Palikuwa na majina kumi na moja, yote ya wanaume, la Boon Chiang likiwa la mwisho.

Guat Neo alikisoma akitoka sokoni, kapu la samaki mkononi, shingo imenyooka. Mtalii mmoja akamwomba asogee kidogo, anaziba mlango kwenye picha anayopiga.

"Ngoja nimalize kusoma, mwanangu," alisema, akaanza tena kutoka mstari wa kwanza.