Wageni wa Mzee Shi

Shi Lanfen alisomea dawa na sumu. Kazi yake katika mji wa Kunming, Uchina, ilikuwa kuitafuta kemikali iliyomo ndani ya ule uyoga unaogeuka buluu ukiguswa, kemikali inayomfanya mtu aone watu wadogo. Misimu ya mvua ikapita. Kila alichochuja alikilinganisha na kemikali zote za njozi zinazojulikana, hakuna kilichofanana.

Jumapili moja alikwenda mji jirani wa Chuxiong kwa baba yake, dereva wa treni mstaafu na mgane. Wakakaanga uyoga huohuo kwa vitunguu saumu na pilipili, kama kila mwaka, wakala kutoka karai moja.

Asubuhi yake alimkuta mzee ameinua kitambaa cha meza, anacheka mpaka machozi.

"Baba, kuna nini?"

"Polepole, utawatisha. Hebu ona wanavyolipanda birika! Yule mnene amekwama."

Lanfen akainama. Aliona birika tu.

"Wana urefu gani?"

"Kama kidole changu. Na wamevaa vizuri kuliko wewe."

Akamuuliza tarehe, majina ya wajukuu, hesabu za kutoa. Mzee akajibu yote sawasawa, kisha akanuna. "Mimi si panya wako wa maabara. Akili yangu nzima. Nina wageni tu."

Alipotaka kumtoa damu, mzee akauvuta mkono. "Ngoja washuke kwanza!"

Lanfen, mtu wa vipimo, akajikuta amesimama na sindano hewani, anawasubiri washuke. Hakuelewa kwa nini.

Alipokwisha kumtoa damu, akampeleka hospitali, wakamtundikia dripu. Wageni wakapungua, wakaisha. Mzee akarudi nyumbani, akawa anapangusa meza isiyo na uchafu.

Majibu ya damu yalipotoka kule Kunming, ini lilikuwa zima, figo nzima, na hakuna kemikali ngeni. Lanfen alikuwa amejitoa damu yake pia. Damu zao hazikutofautiana.

"Wewe ulikula kunishinda," mzee alimwambia kwenye simu. "Mbona hukuwaona?"

"Sijui, Baba."

"Na ukiipata hiyo kemikali, utaifanya dawa au utaipiga marufuku?"

"Hata hilo sijui."

"Na kusoma kote kule, binti yangu!" Akacheka. "Wale wageni walikuwa na adabu, lakini."

Lanfen alibaki na simu mkononi, asijue anamhurumia au anamwonea wivu. Jioni akapita sokoni, akanunua uyoga mwingine. Muuzaji aliyemzoea alimuuliza ni wa kupika au wa maabara, naye akamwambia tu ampimie.