Wa Mtakatifu Ramón

Padre aliponiuliza jina la mtoto, mama mkwe wangu, doña Petronila, alinitangulia kujibu. "Ramón," alisema, na maji ya ubatizo yakamwagwa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mji wetu ni San Ramón, yaani Mtakatifu Ramón, mto ni San Ramón, shule vivyo hivyo, na mume wangu ni Ramón Masikio, asichanganywe na Ramón wa Kinu. Nami nilikuwa nimemwahidi baba yangu, siku tatu kabla hajafa, kwamba mjukuu wake ataitwa Eusebio kama yeye. Alinishika mkono akasema, "Basi sitapotea kabisa."

Lakini kwetu mwanamke akikwama kwenye uchungu, mshumaa huwashwa mbele ya Mtakatifu Ramón, jina la mtoto likaahidiwa, na mtoto akitoka salama ahadi haivunjwi. Mimi nilikwama siku mbili.

"Nani alikutuma uniwekee nadhiri?" nilimfokea Petronila nje ya kanisa.

"Mnyonyeshe mtoto, Leocadia. Analia."

Miaka kumi na tisa nilimnunia. Nilimpikia, nilimfulia, nilimwamkia, lakini donge halikunitoka. Mwanangu alipokuwa mdogo nilijaribu kumwita Eusebio nyumbani. Hakuinua hata kichwa. Niliporudia, aliniuliza, "Mama, unaongea na nani?"

Mwaka jana Petronila aliugua. Asubuhi moja, nikimlisha uji wa mahindi, uzalendo ukanishinda. "Ungeniachia hilo moja tu, mama. Jina la baba yangu."

Alimeza kwanza. "Mimi niliwasha mshumaa tu, mwanangu. Aliyeahidi ni wewe. Ulining'ang'ania gauni ukilia, 'Mtakatifu Ramón, mwache aishi, nitampa jina lako.'"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefiwa. Bora unichukie mimi kuliko ujichukie mwenyewe."

Sikumbuki. Nakumbuka dari na harufu ya nta, basi. Mkunga aliyenizalisha alishakufa, hakuna wa kumuuliza. Labda Petronila alinidanganya, labda sivyo, na hasira niliyoilea miaka yote hiyo sasa haina pa kukaa. Inaniudhi kuliko mwanzo.

Tulimzika Jumanne. Wanaume walipokuwa wakiteremsha jeneza, nilijitenga hadi kwenye kaburi la baba. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini sikujua wa kosa gani.

Nyuma yangu mtu akaita, "Ramón, shika kamba huku!"

Wanaume saba waligeuka. Nami niligeuka, nikamtafuta mwanangu.