Vidole Gumba vya Jumamosi

Kila Jumamosi mchana, vyombo vikishaoshwa, Marsiana alitandika mkeka pembeni ya meza ya sebuleni, akaweka ungo miguuni na kuanza kuchambua mchele. Mchele wenyewe ungeweza kusubiri. Kilichomweka pale ni kompyuta ya wifi yake.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kilikuwa na kichwa cha mtu. Palikuwa na mfamasia wa Dodoma aliyesomea ndani ya gari, na daktari mmoja mnene ambaye feni iliyokuwa juu yake ilionekana kama inamzunguka kichwani. Katika chumba kikubwa kuliko vyote alikaa Profesa Fulgensi, mzee wa mvi na sweta, akifundisha kutoka Dar es Salaam. Marsiana alimaliza darasa la saba kule Mlimba, na darasa alilolijua yeye lilikuwa la madawati na vumbi la chaki, mwalimu akipita nyuma yako kuchungulia daftari. Huyu wa kwenye kioo hawezi kupita nyuma ya mtu. Sasa anajuaje kama kilichosemwa kimeingia?

Profesa alikuwa na njia yake. Kila alipomaliza kipande cha somo aliuliza, "Tuko pamoja?" Hapo vidole gumba vya njano vikachomoza chumba kwa chumba, kama uyoga baada ya mvua. Profesa akatabasamu na kuendelea.

Jumamosi moja mvua ilinyesha Ifakara tangu asubuhi na mtandao ukawa unakuja na kuondoka. Profesa aliganda mdomo wazi, mkono hewani, akakaa hivyo mpaka Marsiana akamaliza kuchambua upande mzima wa ungo. Profesa aliporudi alikuwa kwenye neno la mwisho tu. "Tuko pamoja?"

Wifi Herieth akabonyeza. Kidole kikachomoza.

"Wifi," Marsiana akanong'ona, "si alikuwa ameganda? Umekubali nini?"

"Nyamaza wewe. Nitasoma mwenyewe."

"Wenzako wao wamesikia?"

"Mtu mzima kama yule anauliza tuko pamoja, nimwambie hapana mbele za watu? Chambua mchele."

Marsiana akachambua. Lakini lile lilimkaa.

Herieth alikuwa mke wa kaka yake Marsiana, Lukelo, ambaye kazi ya kiwanda cha sukari ilimweka mbali mpaka mwisho wa mwezi; ndiyo maana Marsiana alikuja kukaa naye. Herieth alikuwa daktari, na masomo yale ya mtandaoni yalikuwa ya masta: namna dawa mpya inavyojaribiwa kwa watu, na namna ya kufuatilia usalama wao. Aliahidiwa kusimamia utafiti wa dawa mpya ya malaria ya watoto, utakaoanza Mlimba mpunga ukishavunwa. Ahadi ile ilikuwa na sharti moja, awe amemaliza masomo. Asipomaliza, analetwa daktari mwingine, na Herieth anabaki alipo.

Na mbali na vipindi vya Jumamosi vilivyokuwa ukingoni, alikuwa amebakiza kitu kimoja tu, ambacho tayari kilikuwa kimempa sapu, akatakiwa kukirudia. Chuo hakikuwa na namna ya kumsimamia mwanafunzi kitandani pa mgonjwa, kwa hiyo kila mmoja alitakiwa ajirekodi akimweleza mtu wa kawaida habari za utafiti na kumwomba ridhaa yake. Rekodi ile ilikwenda kwa watu wa kamati ya ubora, ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha anayesomea mbali anaijua kazi sawasawa na aliyesomea chuoni. Mara ya kwanza Herieth alirekodi na jirani yao, Mama Dativa. Jibu likarudi: mshiriki hakuonyesha kwamba ameelewa.

"Hakuonyesha!" Herieth alikuwa bado analalamika wiki mbili baadaye, anamenya kitunguu kwa hasira. "Mama wa watu kila nilichouliza kajibu ndiyo daktari. Walitaka apige magoti?"

"Umebakiza mara ngapi?"

"Moja. Jumatatu ijayo mwisho wa kupokea. Sasa nitakurekodi wewe, ujifanye mama wa mtoto mgonjwa. Wewe mdadisi, utanifaa."

Marsiana alifurahi kuliko alivyoonyesha. Alitaka sana kujua kinachosemwa.

Siku ya Alhamisi Herieth alirudi mapema, akavaa koti lake jeupe, akasimamisha simu kwenye kopo la sukari, akakaa kitako. Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea, kwa sababu mtu aliyekaa mbele ya Marsiana hakuwa tena wifi yake wa kutaniana naye jikoni. Alikuwa daktari. Sauti yake ilikuwa ya daktari. Alieleza vizuri, taratibu, bila maneno magumu. Kuna dawa ya zamani na dawa mpya, zinafanana kwa kuangalia. Mtoto gani apate ipi inaamuliwa kwa bahati nasibu. Mama hajui, na daktari naye hajui, ili asije akampendelea mtu au akaona anachotaka kuona.

Daktari hajui! Marsiana alihisi swali likimpanda kooni. Sasa mtoto akizidiwa, anatibiwaje na mtu asiyejua alichompa? Alimtazama Herieth usoni, akatazama koti, akatazama lile jicho la simu juu ya kopo.

"Umeelewa, mama?" Herieth akauliza.

"Nimeelewa, daktari."

"Una swali lolote?"

"Sina, daktari."

"Unakubali mwanao ashiriki?"

"Ndiyo."

Herieth akazima simu, akamkumbatia mpaka kofia ya nywele ikamtoka Marsiana. "Umenyooka kama rula! Nikishakula natuma."

Wakala wali na kambale wa mchuzi. "Mboga imekolea?" Marsiana aliuliza, kama alivyouliza kila siku.

"Imekolea, wifi. Tamu."

Marsiana akachomoa mwiba wa samaki, akautazama, akauweka chini. Swali lilikuwa bado liko kooni na sasa halikuacha samaki apite.

"Wifi, yule daktari asiyejua kampa mtoto dawa ipi. Mtoto akianza kutetemeka, mama akimkimbilia amwambie kampa nini, anamjibuje?"

Herieth aliacha kutafuna. "Si umesema huna swali?"

"Nilisema."

"Na umesema umeelewa."

"Nilisema pia."

"Kwa hiyo umenidanganya, Marsiana. Mbele ya kamera!"

"Sijakudanganya. Nimekuheshimu. Na lile koti lako, na simu inanikodolea macho, ningeanzaje kukuuliza? Ningeonekana nakupima."

Herieth akafungua mdomo. Marsiana alingoja makaripio, kwa sababu wifi yake akikasirika husema haraka na kwa sauti. Hayakuja. Herieth alibaki anautazama mkono wake wa kulia, ule wenye wali, kidole gumba kimesimama peke yake, kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza.

"Haya," akasema mwishowe. "Tuliache la kuheshimu. Nikujibu swali." Akasogeza sahani. "Kuna utaratibu. Siri inafunguliwa. Lakini nani anampigia nani, na daktari anaanza na kumtibu au anaanza na kuuliza…" Akamtazama Marsiana. "Unajua ni lini lilifundishwa hilo?"

Marsiana alijua. Alikumbuka mdomo wa Profesa uliokuwa wazi na mkono uliokuwa hewani. Alitaka tu kuona wifi yake atafanya nini.

Herieth hakutuma ile rekodi. Ijumaa alishinda anasoma, uso umekunjamana, na jioni akasema maandishi yanamweleza kanuni lakini hayamwambii afanye nini mama akiwa amesimama mlangoni.

Jumamosi ilipofika Marsiana alitandika mkeka mapema, na safari hii hata ungo hakuuchukua. Mfamasia alikuwa ndani ya gari lake. Feni ilikuwa inamzunguka yule mnene. Profesa akafundisha, akamaliza kipande cha kwanza, akauliza, "Tuko pamoja?"

Vidole vikachomoza. Kimoja, kingine, kingine. Mkono wa Herieth ulikwenda mpaka kwenye kitufe ukakaa juu yake. Mkono ukahama, ukafungua kipaza sauti.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Daktari Herieth. Kuna jambo?"

"Naomba radhi sana, Profesa. Hatuko pamoja. Yaani, mimi siko. Tangu Jumamosi ile ya mvua. Ulikuwa umeganda, nikabonyeza hivyo hivyo."

Marsiana alidhani mtandao umekatika tena. Kisha katika chumba cha yule mnene kidole cha njano kikazimika. Kikazimika na cha mfamasia. Vikaendelea kuzimika kimoja baada ya kingine, mpaka hakikubaki hata kimoja.

"Wote?" Profesa akauliza.

"Hata mimi, mzee wangu," yule mnene akasema. "Sikusikia kitu siku ile, na niliogopa kuuliza."

Profesa akavua miwani. Akaifuta kwa sweta, kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Marsiana alimwonea huruma.

"Mnajua," akasema, "mwisho wa kila muhula chuo kinawaomba mnipe nyota. Mlinipa zote. Nikaitwa mbele ya wenzangu nikapigiwa makofi, eti darasa langu la mtandaoni ni la kuigwa." Akacheka, cheko fupi la kujicheka mwenyewe. "Nimepigiwa makofi ya adabu zenu!"

"Tusamehe, Profesa," mfamasia akasema.

"Hapana, na mimi nimo. Nilikuwa nauliza swali lenye jibu moja. Haya, kuanzia leo sitaki vidole. Nitafundisha kipande, halafu nitamtaja mmoja anisimulie kwa maneno yake, kama anamweleza shangazi yake. Turudi Jumamosi ya mvua."

Akarudia yote. Mtoto akizidiwa, anatibiwa kwanza, hapo hapo. Ikiwa matibabu yanahitaji kujua alipewa dawa ipi, daktari anampigia mtunza siri, ambaye lazima apatikane saa zote, na siri inafunguliwa kwa ajili ya mtoto huyo. Hakuna utafiti unaotangulia mbele ya uhai. Na mama aambiwe haya mwanzoni, kabla hajakubali, si siku ya kukimbia.

"Daktari Herieth, simulia."

Herieth akasimulia, akakosea mahali, akasahihishwa, akarudia. Kule mkekani Marsiana alikuwa anasimulia naye, midomo tu ikicheza.

Kesho yake baada ya misa wakarekodi upya. Herieth alivua koti. Simu akaificha nusu nyuma ya kopo. Marsiana akauliza swali la mtoto kuzidiwa, akajibiwa. Akauliza kama akikubali leo anaweza kubadili mawazo kesho. Akajibiwa kwamba anaweza, na mtoto atatibiwa kama kawaida. Halafu Herieth hakumuuliza kama ameelewa. Alisema, "Sasa nieleze wewe, kama unamweleza mama mwenzio aliyekosa kuja."

Marsiana akaeleza. Alipokwama aliambiwa tena.

"Je, unakubali mwanao ashiriki?"

Marsiana akafikiri kweli kweli, kama mtu mwenye mtoto.

"Hapana," akasema. "Kwa leo hapana. Niongee kwanza na baba yake."

Macho yakamtoka Herieth. Rekodi ilikuwa ya mwisho, kesho ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea, na mshiriki wake amekataa. Kisha Herieth akasema, kwa sauti ile ile ya upole, "Sawa, mama. Ni haki yako. Ukiwa tayari au usipokuwa tayari, karibu." Akazima simu.

"Wifi, nimekuharibia?"

"Sijui." Akatuma bila kuitazama mara ya pili.

Jibu lilikuja Ijumaa wakati wa chakula cha mchana. Herieth alisoma amesimama, simu karibu na uso, na Marsiana hakuweza kusoma chochote katika uso ule mpaka ulipopasuka kicheko.

"Nimepita! Sikia walichoandika: mshiriki ameelewa na kukataa kwa hiari yake, na daktari amepokea kukataa kwake bila kumshawishi." Akamshika mabega. "Mlimba naenda, wifi! Nakwenda kwenu!"

Wakaruka pale sebuleni kama watoto, kisha njaa ikawakumbusha. Marsiana akapakua. Herieth akaonja mchuzi.

"Mboga imekolea?"

Herieth akaanza kutikisa kichwa cha ndiyo, kikaishia njiani. Akaweka tonge chini.

"Hapana, wifi. Haijakolea. Haijawahi kukolea tangu ulipokuja. Ninyi Wandamba, watu wa mto, mnadhani samaki anatoka majini na chumvi yake?"

Marsiana akamkodolea macho, akacheka mpaka akashika mbavu. Akainuka kufuata chumvi.

"Na wali je?" akauliza kutoka jikoni. "Usiniheshimu. Nieleze kwa maneno yako."