Mkono Usioguswa

Kule Lipa, Ufilipino, mtoto hamsalimu mzee kwa maneno matupu. Huutwaa mkono wa mzee, akaugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, na mzee humbariki. Babu Fidencio hakuwa amembariki mtu tangu mkono wake wa kulia ulipoota majipu. Akina mama wa mtaani waliwavuta watoto wao: "Mpungieni babu kwa mbali!"

Basi mzee akaazimia kuusafisha. Asubuhi spiriti, mchana sabuni kali ya dawa, jioni spiriti tena, mpaka ngozi ikapasuka. Majipu yakipona, yanarudi.

Hatimaye alikwenda zahanati. Marivic wa maabara akampangusa mkono kwa pamba, na mzee aliporudi kuchukua majibu, Marivic akamwonyesha vijidudu vilivyoota kwenye kisahani.

"Babu, unaoga spiriti?"

"Nataka niwe safi, mwanangu."

"Umezidi! Ngozini wamo vijidudu wenyeji, wapole tu. Wanagombania chakula na nafasi na huyu wa majipu, tena wana sumu yao ya kumfukuzia. Wewe kila siku unawaua wenyeji, mwizi anakuta nyumba haina mtu."

Mzee akacheka kidogo. Nyumba isiyo na mtu aliijua vizuri.

"Sasa nifanyeje?"

"Paka dawa hii mpaka iishe. Halafu maji na sabuni ya kawaida, basi. Waache wapigane wenyewe."

Akawaacha. Ilimwia vigumu, maana kusugua ndiko kulikomshughulisha jioni tangu afiwe na mkewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila walisahau kwamba kikulindacho nacho kimo humo humo. Ngozi ikafunga. Alipopimwa tena, kisahani cha pili kilijaa wenyeji, mwizi haonekani.

"Umepona, babu! Nenda kabariki watoto."

Jumapili alivaa shati lililopigwa pasi, akasimama nje ya kanisa, mkono mbele. Tintin, binti wa jirani, alitoka wa kwanza. Akasimama umbali ule ule aliozoea, akapunga. Wenzake nao wakapunga, wakicheka, kwa upendo kabisa. Wadogo hawakuijua salamu nyingine ya babu huyu.

Alitamani kuwaita. Lakini mzee haombi kuamkiwa. Akapunga naye.

Nyumbani aliketi, akauinua mkono ule mzima, akaugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema.