Mbegu za Toba

Wavinya akinisalimia sokoni Kibwezi siku hizi mimi huitikia, kwa sababu nimelelewa. Lakini mkono simpi. Watu wananiambia, Mutindi, una kisirani, mbona huwezi kusamehe na nyote ni wa kanisa moja? Nawajibu wakae kwanza pale nilipokaa mimi, halafu waje wanifundishe kusamehe. Muindi mwenyewe simtaji kwa uchungu huu. Yeye alikuwa mwizi, na mwizi anajulikana kazi yake.

Nilikuwa nafanya kazi kwa ghala la mbegu hapo Kibwezi, barabara ya kwenda Kitui. Kampuni ilikuwa ya Bwana Abukar, mtu aliyezaliwa Mwingi na Kikamba chake ni safi kuliko cha mtoto wangu Nzisa, ila anakaa Nairobi. Kazi yetu ilikuwa kuchukua ndengu bora kwa wakulima tuliowachagua, kuzichambua, kuzipaka ile dawa ya rangi ya pinki, na kuzifunga kwa pakiti ziuzwe kama mbegu. Muindi ndiye alikuwa meneja. Mtu wa tabasamu, shati limepigwa pasi, kanisani anakaa kiti cha mbele. Mabati yote ya kanisa letu alinunua yeye, na mchungaji hakuacha tusahau.

Mvua za vuli zikikaribia, nikaona magunia mageni nyuma ya ghala. Nikafungua moja. Ai! Ndengu kuukuu, zimetobolewa na fukusi, zinanuka vumbi. Hizo hata kuku angekula tu kama amekosa kingine. Muindi alikuwa amezitoa kwa stoo fulani ya zamani kwa bei ya kutupa, na vijana walikuwa wanazipaka pinki wazifunge kwa pakiti zetu. Zile nzuri alikuwa anaziuza kando kule Salama, pesa kwa mfuko wake. Na ikishapakwa hiyo dawa, hata mimi niliyezizoea siwezi kukwambia ipi ni ipi mpaka niikwangue kwa ukucha nione matobo.

Nikabeba chache nyumbani. Nikazifunga kwa kitambaa chenye maji, nikaweka karibu na jiko, kama tunavyojaribu mbegu kazini. Nilipofungua zilikuwa zimeoza. Moja moja ndiyo ilijaribu kutoa kijimkia, nayo ikalala.

Sasa elewa kitu kimoja. Huku kwetu mtu hapandi mara mbili. Mvua yetu inakuja kidogo na kuondoka, na isipoikuta mbegu udongoni, basi, msimu umekwenda. Ndiyo maana tunapanda kavu. Vumbi bado linapaa, tunafukia mbegu, tunangoja. Mbegu ikiwa mbaya, utajua mvua ikishanyesha, na hapo umechelewa. Na mamangu anakaa Mutomo. Miaka yote ni mimi nilikuwa namwambia, Mwaitu, wachana na hizo mbegu zako unazoficha kwa kibuyu na majivu, panda za pinki, nazifunga mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Akanisikiza. Akina mama wenzake nao wakamfuata, kijiji kizima, kwa sababu ya mdomo wangu. Na lori la Mutomo lilikuwa karibu kupakiwa.

Nikampigia Bwana Abukar simu. Akasema, "Mutindi, nitakuja Ijumaa bila kumwambia. Nataka nimpate nazo. Kwa hivyo usimwambie mtu, hata mmoja. Akisikia tu, atazihamisha, na wewe utabaki mwongo."

"Sawa bosi," nikasema. "Na lori?"

"Lori halitatoka kabla sijafika. Hilo niachie mimi."

Nikaamini. Jumapili Mwaitu akanipigia vile hupiga kila Jumapili, anapiga kelele utadhani simu ni kiziwi. Akaniuliza mbegu za pinki zinakuja lini, mawingu yanajikusanya. Nikamwambia, ngoja tu Mwaitu, zitakuja. Sikumweleza. Mwaitu akijua kitu, Mutomo yote imejua, mpaka wagonjwa hospitalini. Nikajiambia Ijumaa si mbali.

Lakini moyo ulikuwa unaniwaka. Na mimi nilikuwa na Wavinya.

Kanisani kwetu kila mwanamke ana mwenzake wa maombi. Huyo unamwambia hata yale mumeo hayajui. Wangu alikuwa Wavinya, fundi wa nguo hapo sokoni, tangu tukiwa wasichana wa kwaya. Mimba yangu ilipoharibika ni yeye alifua zile shuka, na mpaka leo hajawahi kuzitaja. Mumewe alipotoroka na ng'ombe za watu mimi ndiye nililala kwake wenye ng'ombe walipokuja kugonga mlango. Kwa hivyo Jumapili hiyo, ibada ilipoisha, tukakaa benchi ya nyuma, nikamwambia yote. Magunia, fukusi, Salama, kile kitambaa, Ijumaa ya Bwana Abukar. Nikamwonyesha hata mbegu moja, nikaikwangua mbele yake. Nikamwambia, hii ikifika kwa mamangu atalala njaa.

Akanishika mikono yote miwili. Akaomba mpaka machozi yakamtoka. Akasema, "Haitoki hapa, Mama Nzisa."

Niliondoka nimepoa, kusema kweli. Nililala usingizi mzuri.

Jumatatu asubuhi Muindi akanituma Salama, kwa duka letu dogo la huko, eti nikapange bidhaa upya. Alinisalimia kwa upole ajabu, "Dada Mutindi", macho mekundu. Nikadhani ni vumbi. Nikakaa Salama karibu wiki nzima, mtandao wa simu ni wa kubahatisha, nikipanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Mjinga mimi!

Ijumaa nikarudi na gari la kwanza. Bwana Abukar akafika mapema, na kofia yake, bila kupiga honi. Muindi akatoka mbio kumpokea, anacheka. "Bosi! Karibu! Si ungesema tuchinje mbuzi!"

Nikawapita wote wawili, nikaenda nyuma ya ghala. Tupu. Kumefagiwa na kunyunyiziwa maji, harufu ni ya udongo. Hata chembe moja ya vumbi la zile ndengu haikuwepo. Nikatoa kitambaa changu kwa kiondo, zile mbegu zilizooza, nikamwekea Bwana Abukar mezani. Muindi akatikisa kichwa kwa huruma, yaani huruma ya kweli kabisa, mtu angemwonea imani.

"Huyu dada amekuwa na mawazo mengi, bosi. Mimi simlaumu."

"Magunia yalikuwa hapo," nikasema. "Uliza vijana!"

Vijana wakaangalia viatu. Muindi akamimina chai. Halafu akatoa simu yake.

"Tena bosi, tumefanya jambo dogo kwa jina la kampuni. Kanisa letu lilikodi lori likaenda Mutomo Jumatano, kwa wale walioumizwa na ukame. Tukawapa mbegu bure. Watu wamekubariki huko, we acha tu."

Bwana Abukar akachukua simu. Akaangalia picha moja, akaangalia nyingine, na ule uso wake uliokuja umekunjamana ukaanza kulegea. Akanipa. "Ebu ona mwenyewe, Mutindi. Mtu wa kuiba anaweza kufanya hivi?"

Nikaona akina mama wamepanga laini mbele ya lori, kila mmoja na pakiti. Na wa kwanza mbele ni Mwaitu. Amevaa ile leso niliyomnunulia Krismasi. Pakiti ameikumbatia kifuani na anacheka na meno yake machache. Na kando yake, amemshika bega, ni Wavinya.

Nikasema, "Bosi, hizo ndizo. Amezitoa hapa akapeleka kwa mamangu."

"Mtu atatoa sadaka ya kitu kibovu, kanisani?" Bwana Abukar akauliza, na aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Halafu akasema atatuma watu wachunguze, na mimi kwa sasa niende nyumbani nipumzike. Kupumzika! Nikaacha kitambaa hapo mezani karibu na chai yao, nikaenda sokoni karibu nikikimbia.

Wavinya alikuwa kwa cherehani yake. Aliponiona akasimama na furaha, mikono juu.

"Mama Nzisa! Nimekungoja wiki nzima, simu yako haishiki! Bwana asifiwe! Ametubu!"

"Nani ametubu?"

"Ndugu Muindi! Jumapili hiyo hiyo jioni mimi na mchungaji tulimwendea, kwa upole. Si unajua tumefundishwa? Ndugu akikosea hukimbilii kumshtaki, unamwendea kwanza kwa siri mrekebishane. Mutindi, alilia. Alipiga magoti kwa sementi. Akasema hayo mabaya anayatupa yote, na atoe mbegu nzuri, safi, kwa wenye shida, kama toba. Mimi nikasema basi tuanze na Mutomo, kuna mama yake Mutindi. Nilimweka wa kwanza kwa laini!"

Alikuwa anangoja nimshukuru. Wallahi ningekuwa Mwislamu ningeapa hivyo. Alikuwa anangoja asante.

"Ulisema haitoki hapo."

"Na haikutoka! Haikutoka nje ya kanisa."

"Wavinya. Ulizikwangua?"

"Nini?"

"Mbegu. Nilikuonyesha. Nilikwangua moja mbele ya macho yako."

Akashusha mikono. Akakaa. "Mtu ametubu, Mutindi. Ningeanza kumkwangulia mbegu mbele ya mchungaji, angejisikiaje? Hiyo si kumwambia hatujamsamehe?" Halafu kwa sauti ya chini, "Na unajua vile amefanyia kanisa. Ulitaka afungwe, mabati tuseme nani alitupa?"

"Na wewe shamba lako umepanda hizo?"

Akashika kitambaa kilichokuwa kwa mashine, akakinyoosha, na kilikuwa kimenyooka. "Sisi tulishapanda," akasema. "Shemeji alituletea zake kutoka Emali."

"Lini?"

"Juzi."

Juzi! Siku ile ile ya Mutomo. Sikumtukana. Nilitaka, tena matusi yalikuwa yamejipanga hapa kwa ulimi, ya Kikamba kabisa. Nilimwangalia tu huyu mtu aliyefua shuka zangu, nikaona kwamba alijua. Labda hakujua sawasawa, lakini alijua vya kutosha asitie shambani kwake. Nikatoka nje, nikasimama kando ya duka la vyuma, nikapiga simu Mutomo.

Mwaitu alishika mara moja. "Nilikuwa nakutafuta!" Kelele kama kawaida yake. "Mbegu zimefika! Rafiki yako ameziweka mkononi mwangu mwenyewe, mtoto wa watu, Mungu ambariki. Na hata jana tumefanya mwethya, akina mama wote wamekuja na majembe, shamba langu lote tumefukia, halafu leo tumemaliza la jirani Mbithe. Mawingu yako hapa juu ya nyumba, meusi!"

"Mwaitu," nikasema. "Zile mbegu zako za kibuyu. Ziko?"

"Za kibuyu?" Akacheka. "Si hizo ndizo nilipikia watu wa mwethya? Nilizichanganya na mahindi ya muthokoi, wakala wakashiba. Wewe si ndiye uliniambia hazina kazi?"

Nikamwambia. Sikuzunguka, nilimwambia vile zilivyo, kwamba zile za pinki ni ndengu zilizoliwa na fukusi, kwamba hazitaota, kwamba nilizijaribu. Nikamwambia juu ya Muindi. Huko kwake nilikuwa nasikia kuku, na mwanamke fulani akimwita kwa jina aje wanywe chai.

"Wavinya alijua?" akauliza. Sasa hakuwa anapiga kelele.

"Nilimwambia mimi mwenyewe."

"Lini?"

"Jumapili, Mwaitu."

"Jumapili tuliongea na wewe."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza habari ya mbegu."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Ukamwambia yeye."

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na Bwana Abukar na amri yake, nilikuwa na miaka ya maombi, nilikuwa na sababu nyingi. Halafu nikasikia kupitia simu kitu kama mtu anamwaga mchele kwa sahani, kidogo, halafu kwa wingi, juu ya mabati yake. Kila mwaka mvua ya kwanza ikipiga hayo mabati, Mwaitu hutoka nje na kupiga kigelegele mpaka majirani waitikie.

Nikangoja. Majirani walikuwa wanapiga, niliwasikia kutoka mbali. Yeye hakupiga.