Nyota ya Oktavia

Sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda: viazi vyote, maharage yote, kijiko kikavu. Hasira zikanipanda. Baba yangu, mzee Agustino, ana kisukari, daktari kamkataza kukaa na njaa, halafu eti tumbo limejaa! Limejaa nini, baridi ya Njombe?

"Nitakula kesho, Avelina," alisema, rozari mkononi. "Usinune."

Nilinuna. Hadi leo nikiiosha sahani ile nanuna kidogo.

Wakati huo dada yangu Oktavia alikuwa Afrika Kusini akisomea nyota. Si zote. Alipewa moja na mwalimu wake, imo ndani ya rundo la nyota zilizosongamana kama nyuki mzingani, na kazi yake ilikuwa kuipima inavyofifia na inavyowaka. Sisi nyumbani, mtaa wa Ramadhani hapo Njombe, tulijua tu kwamba anasoma mambo makubwa. Alipiga simu karibu kila jioni, na salamu hazijaisha baba keshauliza:

"Nyota yako inaendeleaje?"

"Imefifia, baba. Tunasubiri ipande."

Siku nyingine alijibu kwamba imepanda, inawaka kweli kweli. Hapo mzee alipaza sauti mpaka jirani akasikia: "Nyota imepanda! Leteni chakula!" Nami nilicheka, nikidhani ni utani wake tu.

Jioni moja niliingia na chai, nikasikia dada akisema kwenye simu kwamba imefifia. Baba akaisukuma sahani pembeni kabla hajaionja. Ndipo nikaelewa. Kwetu nyota ya mtu ni bahati yake, na ikififia ujue kuna mkono wa mtu. Mzee wa watu alidhani mwanawe karogwa, kachezewa ugenini, na kila alipoambiwa nyota imeshuka, alifunga.

"Nimemwekea Mama Maria nadhiri," alisema nilipombana. "Nitakulaje mwanangu anazimika?"

Tulimweleza. Oktavia alieleza kwenye simu mpaka sauti ikamkauka: ni nyota ya angani, baba, inapumua hivyo, inashuka inapanda, ndiyo tabia yake. Mzee akatikisa kichwa. "Mnanificha. Wazee siku zote tunafichwa." Akaendelea kufunga. Asubuhi moja nikamkuta ameanguka sakafuni, na bado hospitali hataki kusikia, mpaka nyota ya mtoto iwake moja kwa moja.

Nikampigia dada. "Njoo akuone kwa macho yake," nikamwambia. "Ukichelewa utakuja kuzika."

Nilimpokea stendi ya Makambako, upepo wa pale unapenya hadi kwenye mifupa. Alikuwa amenenepa. Jamani, nilivyofurahi! Nilimpapasa mashavu mbele za watu bila haya.

"Wewe vipi?" akauliza.

"Mashavu haya ndiyo dawa ya baba. Twende."

Giza lilipoingia tulimpeleka mzee uani na mablanketi mawili. Oktavia akanyoosha mkono kusini, juu ya miti ya mipaina.

"Unaona pale, baba, kama pumzi kwenye kioo cha dirisha? Pale pana nyota nyingi kuliko watu wa mkoa wetu wote. Yangu imo humo, kwa macho huioni. Inashuka polepole, halafu inapanda upesi. Kupumua kwake ndiko kunakotuambia iko mbali kiasi gani."

Baba alipatazama sana. Kisha akamtazama yeye.

"Kwa hiyo wewe hujachezewa?"

"Sijachezewa, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mzee akaangua kicheko, mabega yakatikisika, mpaka akakohoa. "Mtoto mzima kabisa! Na mimi nimeviacha viazi vyote vile!" Alikula sahani mbili. Mimi na dada tulijifungia jikoni tukalia kwa furaha.

Kulipokucha alitaka hospitali mwenyewe, akavaa koti lake la kanisani. Lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Daktari alisema figo zilianza kuharibika zamani, na ile njaa ikazimalizia. Hakurudi nyumbani.

Tulimzika kwao Lugarawa. Oktavia hakuonja kitu. Mama wakubwa walimbembeleza, shangazi wakamgombeza, wapi. Alikaa mkekani akitazama mikono yake.

"Mimi ndiye niliyekuwa namwambia imefifia," aliniambia. "Kwa mdomo wangu huu, Avelina."

Moyo uliniuma kwa wote wawili. Nikaenda jikoni, nikapakua viazi na maharage, nikarudi kukaa kando yake.

"Dada," nikasema, "nyota imepanda. Kula."

Aliinua macho. Kisha akachukua kiazi kimoja, akakila polepole huku machozi yakimtoka, na mimi nikamshikia sahani.