Baba Asiyevuka Mlango

Mwaka wa 1952, Mwalimu Jeconia Obiero, aliyetoka upande wa ziwani kuja kufundisha darasa la nane katika shule iliyokuwa juu ya soko la Kebirigo, alitoa amri. Kila baba aketi na mwanawe jioni, amwone kwa macho yake akifanya kazi ya nyumbani. Mwisho wa muhula wazazi wataitwa, na kila mmoja ataulizwa mbele ya wenzake kama aliona. Ambaye hakuona, mwanawe hataandikishwa kufanya mtihani wa kwenda sekondari.

Hakuna aliyeifurahia amri hiyo kama Mogire. Yeye alianza kujifunza kusoma akiwa na mvi tayari, katika darasa la ngumbaru la jioni kanisani, na kila alfajiri alimwomba Mungu amfikishe mwanawe Ondieki mahali ambapo yeye hakufika. Lakini furaha yake iliishia langoni mwa boma lake. Ondieki alikuwa ameshatahiriwa. Alikuwa na nyumba yake ndogo uani, na meza ilikuwa humo. Baba wa Kigusii haingii katika nyumba ya mwanawe aliyetahiriwa. Haya hiyo ya heshima huitwa chinsoni, na anayeivunja hana uso tena wa kutazama watu.

"Si aitoe meza nje," mkewe Bitutu alisema.

Wakaitoa. Mvua ya alasiri ikaja kama kawaida yake, ikaloweka meza na vitabu. Katika nyumba ya mama yake nako haikuwezekana, maana kijana aliyetahiriwa hapigi kambi karibu na kitanda cha wazazi.

Bosibori, mamake Mogire, akaleta ushauri wake. Bibi na mjukuu hawana haya baina yao. Yeye aliingia kwa Ondieki apendavyo na kumwita mume wangu.

"Nitaingia mimi nimwone," alisema. "Wewe ukiulizwa, sema umemwona. Macho yangu si ndiyo yaliyokuzaa?"

"Mama, huo ni uongo."

"Ni uongo mdogo, hata mahindi ya panya ni makubwa kuliko huo."

Mogire alitikisa kichwa, akaenda kuomba migombani. Hakuoteshwa ndoto wala hakusikia sauti. Alipata wazo tu. Akachukua kigoda, akakiweka nje ya nyumba ya kijana, chini ya ukingo wa paa, akauegemea ukuta.

"Ondieki."

"Naam, Baba."

"Soma kila swali kwa sauti. Kisha useme jibu kabla hujaliandika."

Ikawa hivyo kila jioni, isipokuwa jioni ya Ijumaa Sabato ilipoingia. Matone yalimpiga magotini, naye alisokota kamba za katani huku akisikiliza. Bosibori alipita na kumcheka. "Mume wangu yuko ndani pakavu, mwanangu yuko nje kama mbwa. Nyumba hii imepinduka."

Jioni moja sauti ya ndani ilisita, kisha ikaendelea haraka.

"Umeruka swali," Mogire alisema.

"Ni gumu, Baba."

"Basi kaa nalo. Mimi siondoki."

Swali lilitaka kujua kwa nini mvua hunyesha Kisii karibu kila alasiri. Ondieki alijaribu, akakosea, akajaribu tena. Mogire hakujua jibu, lakini alijua sauti ya mtu anayebahatisha, na kila aliposikia hivyo alisema, "Bado." Mwishowe kijana akajibu bila kuyumba, na baba akarudi kwenye kamba zake.

Siku ya mkutano ikafika. Wazazi walikaa kwenye mabenchi, wanafunzi wakasimama nyuma. Mwalimu Obiero aliwauliza kina baba mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakajibu kwamba waliona.

"Mimi nilimwona sana, Mwalimu," alisema Ongeri, jirani yake Mogire. "Magoti yetu yaligusana."

Mogire alijua kwamba Ongeri hajawahi kukanyaga nyumba ya mwanawe. Alijua pia kwamba neno moja tu lingempa Ondieki mtihani. Akafumba macho. Bwana, nishike ulimi.

"Mzee Mogire?"

"Sikumwona."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Kule nyuma Ondieki aliinamisha kichwa. Mwalimu alikunja uso. "Basi, mzee, amri unaijua."

"Naijua. Lakini kabla hujamfungia mlango, nisikilize. Sikumwona. Nilimsikia." Mogire akasimama. "Uliwauliza watoto kwa nini mvua hunyesha kwetu kila alasiri. Mwanangu alisema jua huinua mvuke ziwani, upepo unaupandisha kwenye milima yetu, huko juu unapoa, unakuwa mawingu, unanyesha. Alitaka kuliruka hilo swali. Nilimkatalia."

Mwalimu akageuka. "Mzee Ongeri, wa kwako alijibuje?"

Ongeri alikohoa. "Aliandika, Mwalimu. Aliandika mambo mengi."

Mabenchi yakacheka. Bosibori, aliyekuja na Mogire, akainuka na Kiswahili chake cha sokoni. "Mwalimu, mwanangu, huko kwenu, baba yako anaingia nyumba yako?"

Obiero akajibu, "Hapana, mama. Hata mlangoni hafiki."

"Sasa hawa wote waliingia kupitia wapi?"

Safari hii hata mwalimu alicheka, akafuta macho. "Amri hii nilifundishwa chuoni," alisema, "nikaileta hapa bila kufikiria nyumba zenu wala ya kwetu. Kuanzia leo siulizi nani aliona. Nitauliza ulisikia nini. Na wa kwanza kuandikishwa ni Ondieki. Wengine mna wiki mbili za kusikiliza."

Walipokuwa wakitoka, Ongeri alimvuta Mogire shati. "Ndugu yangu, kigoda unakiweka upande gani?"

"Upande usio na upepo. Na uvae koti."

Matokeo yalipokuja, Ondieki alikuwa amepata nafasi ya sekondari. Mogire alipiga magoti palepale uwanjani pa shule, kwenye matope, mbele ya mwalimu na watu wote, akamshukuru Mungu kwa sauti iliyofika mpaka sokoni. Hakuna aliyemwambia aipunguze.